Nyota, herufi na namba kwenye lebo ya AC: namna ya kuzisoma kabla hujatoa pesa, uwe Kyela, Mbeya au Njombe

Mwezi wa Oktoba mwaka jana nilimsindikiza mzee mmoja wa Kyela kwenye duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa, Mbeya mjini. Alikuwa anatafuta AC ya chumbani kwa ajili ya mkewe. Mama ana presha, na joto la Kyela likianza kupanda halimpi usingizi. Mbele yetu zilikuwepo AC mbili, zote za BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha joto ambalo mashine inaliondoa). Boksi la ya kwanza liliandikwa EER, yaani kipimo cha ufanisi, 3.4. La pili, EER 11.5. Muuzaji akasema hiyo ya pili haili umeme, inabana mara tatu kuliko mwenzake, na bei yake ilikuwa juu kwa sababu hiyo. Mzee akanigeukia: "Fundi, ni kweli?"

Si kweli. Zile AC mbili zinakula umeme uleule. Moja imeandikwa kwa kipimo cha wati kwa wati, nyingine kwa BTU kwa wati, kama vile mtu apime gunia kwa kilo na mwenzake alipime kwa ratili. Naamini muuzaji hakukusudia kudanganya, alisoma namba bila kujua mizani yake. Lakini mzee alikuwa tayari kulipa tofauti ile ya bei, na pesa yenyewe ilitoka kwenye mpunga aliouvuna kwa jasho. Jambo hilo liliniuma, ndiyo maana nimeamua kuandika yote ninayomweleza mteja kabla hajafungua pochi.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kazi zangu huanzia Makambako na kushuka hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na njia hiyo imenifundisha kitu ambacho hakiandikwi kwenye lebo: mashine moja inaweza kuwa ununuzi mzuri Kyela na hasara tupu Mbeya mjini.

Hatua ya kwanza: unatafuta baridi, au unatafuta joto?

Nyanda za juu kusini si mahali pamoja. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Njombe iko juu zaidi, na Makete juu ya hapo, ambako asubuhi za Juni na Julai unakuta barafu nyeupe kwenye majani. Ukishuka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela unajikuta kwenye mita 500 tu, na hewa inakuwa nzito yenye unyevu wa ziwa. Usangu nako, Rujewa na Ubaruku, jua ni kali na vumbi ni jingi. Upande wa Iringa, mtu wa Pawaga au Idodi hahitaji kuelezwa joto ni nini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nyota, jiulize ni usiku ngapi kwa mwaka chumba chako kinakunyima usingizi kwa joto. Kyela ni miezi kadhaa. Uyole au Tukuyu, wengi watahesabu siku chache za Oktoba na Novemba, basi.

Nasema wazi japo ni kazi yangu: ukiwa Mbeya mjini na unataka AC ya baridi tu, mara nyingi nitakushauri usinunue. Weka dari chini ya bati. Fungua madirisha jioni hewa ya mlima ikianza kushuka. Nunua feni. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 inakula karibu nusu yuniti, ambayo haifiki shilingi 200 kwa usiku. Kama bado unataka AC, tafuta inayotoa baridi na joto pia. Nitaifikia huko mbele, maana kwa watu wa huku juu hapo ndipo penye faida kubwa.

Hatua ya pili: elewa namba moja kabla ya nyingine zote

AC haitengenezi baridi. Inalichukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje. Mfikirie kuli wa mashine ya mpunga. Yeye halimi wala hakoboi, anahamisha gunia kutoka hapa kwenda pale. Kuli mwenye nguvu anahamisha magunia mengi kwa sahani moja ya ugali. AC nzuri vilevile: kwa yuniti moja ya umeme inahamisha yuniti tatu, nne, hata tano za joto.

Ufanisi ni hesabu hiyo tu. Chukua kinachohamishwa, gawanya kwa umeme unaoingia. AC inayoondoa wati 3,500 za joto huku ikivuta wati 1,000 za umeme ina EER ya 3.5. Inayovuta 1,250 kwa kazi ileile ina 2.8. Namba ikiwa kubwa, ndivyo bora, mradi unalinganisha zilizopimwa kwa mizani moja.

Marekani na mashine zinazofuata mtindo wake huandika kinachohamishwa kwa BTU kwa saa, na umeme kwa wati. Wati moja ni sawa na BTU 3.412 kwa saa. Kwa hiyo ukikuta EER ya 9, 10, 11 au 12, igawanye kwa 3.412. Ile 11.5 ya Mwanjelwa inatoka 3.37, yaani 3.4 ya jirani yake. Andika namba 3.412 kwenye simu yako kabla hujaenda dukani. Ndiyo iliyomwokoa mzee siku ile.

Hatua ya tatu: liache boksi, soma kibandiko cha mashine yenyewe

Boksi ni tangazo. Kibandiko cha kiwandani, kilichogandishwa ubavuni mwa sehemu ya ndani na ya nje, ndicho ushahidi. Mwombe muuzaji afungue boksi. Akikataa, nenda duka jingine.

Kwenye kibandiko tafuta uwezo wa kupoza, ulioandikwa kwa W, kW au BTU/h. Kisha tafuta umeme unaoingia, kwa W. Hata kama lugha iliyoandikwa hapo huijui, namba zitakuonyesha: W kubwa, 3,500 kwa mfano, ni joto linalohamishwa, na W ndogo, 1,000 na kitu, ni umeme. Mara nyingi utaona namba ya tatu ya umeme, kubwa kuliko hiyo ndogo, kama 1,600. Hicho ni kikomo ambacho mashine haitakivuka. Fundi hukitumia kuchagua waya na kikata umeme, na hakifai kwa hesabu ya ufanisi. Watu wengi huishika namba hiyo wakaogopa bure, au wakailinganisha na namba ya kawaida ya mashine nyingine wakapotea.

Madukani utasikia pia "HP moja", "HP moja na nusu". Usiichukue kama nguvu ya umeme. Ni desturi ya wafanyabiashara ya kutaja ukubwa: HP 1 ni karibu BTU 9,000, HP 1.5 ni karibu 12,000, HP 2 ni 18,000. Haikuambii chochote kuhusu yuniti zitakazoliwa.

Hatua ya nne: tofautisha kipimo cha siku moja na kipimo cha msimu

EER hupimwa maabara kwa hali moja tu: nje nyuzi 35, ndani nyuzi 27, mashine ikipewa kazi yake yote. Hali hiyo huitwa T1, na utaiona kwenye vibandiko vingi. Kuna T3 pia, ya nchi za jangwani, ambako nje hupimwa kwa nyuzi 46. Huku kwetu T1 inatosha. Mchana wa Kyela wenye jua kali hauko mbali na nyuzi 35, na usiku uko chini yake kabisa.

Hapo kwenye usiku ndipo EER inapopungukiwa. Saa nane za usiku nje kumepoa, na mashine inahitaji nusu tu ya nguvu zake. AC ya kawaida haijui nusu: inawaka kwa nguvu zote, inazima, inawaka tena. AC ya inveta hupunguza mwendo wa kompresa na kuendelea taratibu. (Usiichanganye na inveta ya sola, ni vitu viwili tofauti.) Kompresa ikienda polepole, koili zinabaki na ukubwa uleule wakati joto linalopita ndani yake ni dogo, hivyo kila yuniti ya umeme inahamisha joto zaidi. Ili kulionyesha hilo vikawekwa vipimo vya msimu: SEER kwa Ulaya na Marekani, ISEER kwa India, CSPF kwa nchi zinazofuata kanuni ya kimataifa ya ISO 16358.

Kanuni yangu ni rahisi. Linganisha EER na EER, SEER na SEER, na ndani ya SEER linganisha ya Ulaya na ya Ulaya. SEER ya Marekani nayo hutumia BTU, kwa hiyo 20 yao si 20 ya Ulaya. Hata ukiigawanya kwa 3.412 hailingani sawasawa, kwa kuwa joto la nje waliloliweka kwenye hesabu ni tofauti. Isitoshe, tangu 2023 Marekani wanatumia SEER2, yenye masharti magumu zaidi, ambayo kwa mashine ileile hutoa namba ndogo kidogo.

Jambo moja zaidi kuhusu SEER ya Ulaya. Imejengwa juu ya kiangazi cha huko, ambacho saa zake nyingi nje ni nyuzi ishirini na kitu tu. Kyela ina joto kuliko hapo. Nikiona SEER 6 ya Ulaya, kwa mteja wa Kyela nahesabu 5. Ni makadirio yangu ya kazini, na napenda kumshangaza mteja kwa bili ndogo kuliko kubwa.

Hatua ya tano: nyota na herufi, kila nchi na mizani yake

AC zinazofika kwetu hutoka pande nyingi, zikiwa na lebo za huko zilikokusudiwa kuuzwa. Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, nisomeni kwa makini.

Lebo ya India ina nyota 1 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Kila baada ya muda serikali yao hukaza masharti, kwa hiyo nyota 5 ya zamani inaweza kuwa nyota 3 leo. Lebo yenyewe imeandikwa miaka ambayo ni halali, na namba ya ISEER iko palepale. Soma namba kwanza, mwaka pili, nyota mwisho. ISEER hiyo imehesabiwa kwa joto la nje kati ya nyuzi 24 na 43, hali inayofanana na ya Kyela na Usangu kuliko ile ya Ulaya, na mimi naiamini zaidi kwa wateja wangu wa bondeni.

Lebo ya China inakwenda kinyume. Ina ngazi 1 hadi 5, na ngazi ya 1, yenye kijani, ndiyo bora kuliko zote. Ya 5 ndiyo ya mwisho. Nimeshakutana na mteja aliyeambiwa kuwa "tano" ya China ni nyota tano. Alikuwa amenunua mashine mbovu kuliko zote kwenye safu ile, na alikuwa ameifurahia.

Lebo ya Ulaya hutumia herufi. Kwa AC za ukutani, A+++ inaanzia SEER 8.5, A++ inaanzia 6.1, A+ inaanzia 5.6, na A inaanzia 5.1. Ukitazama vizuri, A tupu ni nzuri kuliko AC nyingi za kawaida zinazouzwa huku, hata kama juu yake kuna ngazi tatu nyingine. Lebo hiyo inataja pia kelele kwa desibeli, na mwenye kitanda karibu na ukuta asiipuuze.

Majirani zetu Kenya nao wana lebo ya nyota, chini ya mamlaka yao ya nishati na petroli, EPRA.

Halafu kuna nyota za mapambo. Zimechapwa kwenye boksi, zinang'aa, hazina jina la mamlaka yoyote, hazina namba ya kipimo wala mwaka. Hizo ziruke. Rudi kwenye kibandiko, gawanya mwenyewe.

Hatua ya sita: geuza namba iwe shilingi

Chukua risiti yako ya LUKU. Gawanya pesa ya umeme pamoja na kodi zake kwa yuniti ulizopata, lakini toa kwanza kodi ya jengo kama ilikatwa mwezi huo. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa kundi la T1 (hapa ni kundi la bei la TANESCO la matumizi ya kawaida, si ile T1 ya maabara) analipa shilingi 292 kwa yuniti, na ukijumlisha VAT asilimia 18 na makato ya REA na EWURA inafika kama 356. Wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, ana bahati ya shilingi 100 kabla ya kodi kwa yuniti 75 za kwanza za mwezi, ila akizivuka bei inaruka hadi 350. Kama wewe ni wa D1, jua mapema kwamba AC ya chumbani ikiwashwa kila usiku itakuvusha mstari huo peke yake.

Sasa tuhesabu chumba cha mzee. Ni mita 4 kwa 4, kina dari, kinahitaji kupozwa kwa muda wa saa 8 kila usiku. Tuseme kwa wastani AC inaondoa wati 2,000 za joto. Kwa saa 8 hizo ni yuniti 16 za joto.

AC ya kawaida yenye ufanisi wa 2.8: 16 gawanya kwa 2.8 ni yuniti 5.714 za umeme. Mara 356, shilingi 2,034 kwa usiku.

AC ya inveta yenye kipimo cha msimu cha 5: 16 gawanya kwa 5 ni yuniti 3.2. Shilingi 1,139.

Tofauti ni shilingi 895 kila usiku. Kyela, tukihesabu usiku 150 kwa mwaka, ni shilingi 134,250. Kama inveta inazidi bei kwa shilingi 350,000, pesa hiyo imerudi ndani ya miaka miwili na miezi saba hivi, na mashine bado ina miaka mingi ya kazi mbele yake.

Kipeleke chumba hichohicho Mbeya mjini, usiku 20 kwa mwaka. Tofauti ni 17,900. Utasubiri zaidi ya miaka 19 kurudisha 350,000, na mashine yenyewe huenda isifike huko. Nyota zilezile, mashine ileile, majibu mawili. Ndiyo maana nikiulizwa kwa simu "AC ipi nzuri?" huwa nauliza kwanza, "Unaishi wapi, baba?"

Hatua ya saba: kwa watu wa Mbeya, Mafinga, Njombe na Makete, hesabu ya joto

Hita ya nyaya ya wati 2,000 inageuza yuniti moja ya umeme kuwa yuniti moja ya joto. Haiwezi kuzidi hapo, hata iwe na jina gani. AC yenye uwezo wa joto inafanya kazi ile ya kuli kwa kurudi nyuma: inaokota joto lililoko kwenye hewa ya nje, hata kama nje ni baridi, na kulileta ndani. Ufanisi wake huitwa COP, na kwa msimu SCOP.

Kinachonifurahisha ni kwamba COP hupimwa nje ikiwa nyuzi 7 na ndani 20. Huo ni usiku wa Julai wa Njombe kabisa! Namba ya maabara inakuja ikitufaa bila kupunguzwa sana. Na kama lebo ni ya Ulaya, utakuta ramani yenye rangi tatu: buluu kwa nchi za baridi kali, kijani kwa wastani, machungwa kwa zenye joto kidogo. Kijani imepangwa kwa baridi inayofika nyuzi 10 chini ya sifuri, buluu 22 chini ya sifuri. Machungwa imepangwa kwa nyuzi 2 juu ya sifuri, nayo ndiyo inayotufaa sisi. Kama namba ya machungwa ipo, isome hiyo.

Hesabu: sebule ya Njombe, hita ya wati 2,000 ikiwaka kwa muda wa saa 4 kila jioni. Ni yuniti 8, shilingi 2,848. AC yenye COP ya 3 inaleta joto lilelile kwa yuniti 2.67, shilingi 950. Kwa usiku 90 wa Juni hadi Agosti, umebakisha shilingi 170,820.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: AC nyingi madukani ni za baridi tu, na rimoti inaweza kukudanganya. Viwanda hutengeneza rimoti moja kwa mashine nyingi, hivyo alama ya jua inaweza kuwepo na ukiibonyeza lisitoke joto lolote. Angalia kibandiko: lazima kuwe na mistari miwili ya uwezo, wa kupoza na wa kupasha joto, kila mmoja na umeme wake. Mstari ukiwa mmoja, ni ya baridi tu. Ya pili: huko Makete na Njombe asubuhi za barafu, sehemu ya nje itaganda, na mashine itasimama dakika chache kujiyeyusha. Usimwite fundi. Ndivyo ilivyoundwa.

Na kwa kuwa nimegusa joto la ndani, naomba nilitaje jiko la mkaa. Tafadhali lisilale nanyi chumbani mmefunga madirisha. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haionekani, hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini. Kama AC ya joto haiko ndani ya uwezo wako mwaka huu, ongeza blanketi, na jiko libaki nje.

Hatua ya nane: ukubwa na ufungaji, maana ndipo nyota zinapopotea

Mashine kubwa kupita kiasi inapoza haraka, inazima, na chumba kinabaki na unyevu. Ndogo mno inakesha ikihangaika. Mimi huanzia BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 16 kinakuja 9,600. Naongeza kama bati halina dari, kama dirisha linatazama magharibi, au kama wanalala watu zaidi ya wawili. Mzee chumba chake kinapata jua la jioni, nikamwambia 12,000 ni sawa. Lakini dari kwanza. Pesa ya dari hurudi haraka kuliko ya nyota.

Huku juu kuna jambo jingine. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo feni ya mashine inasukuma hewa pungufu na uwezo halisi unashuka kidogo kuliko ulioandikwa. Kwa Njombe na Makete, acha nafasi ya ziada kidogo unapochagua ukubwa.

Siku ya kufunga, simama na fundi. Lazima atumie pampu ya vakyumu kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Fundi anayefungua gesi kidogo "ili isukume hewa itoke" anakuachia mashine itakayokula umeme zaidi na kufa mapema. Mjini Mbeya geji yake itaishia karibu bar -0.82 badala ya -1, usimlaumu. Ni mgandamizo wa hewa wa mlimani. Sehemu ya nje iwekwe kivulini, isifungiwe ndani ya kiboksi wala kubanwa na ukuta, maana itavuta joto lilelile iliyolitupa. Mabomba yote mawili yavalishwe sponji. Na kwa watu wa Rungwe na Kyela, ambako radi hazipumziki msimu wa mvua, weka kilinda umeme na waya wa ardhi ulio mzima: bodi ya inveta ikipigwa, bei yake itameza akiba ya miaka.

Hatua ya tisa: gesi iliyomo ndani

Kibandiko kitataja R-22, R-410A au R-32. Ikiwa ni R-22, iache hata kama bei inavutia, hasa za mtumba. Inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinaiondoa kufikia 2030, hivyo kuijaza kutazidi kuwa kwa shida. Kati ya mbili zilizobaki nachagua R-32. Mchango wake kwenye ongezeko la joto duniani ni karibu theluthi moja ya ule wa R-410A. Inaweza kuwaka, ingawa si kwa wepesi, kwa hiyo fundi awe anayeifahamu.

Hatua ya kumi: pima mwenyewe nyumbani

Usiku wa kwanza, weka AC nyuzi 25 au 26, funga mlango. Andika yuniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU unapoingia kulala, andika tena alfajiri. Toa yuniti za friji na taa: usiku mmoja AC ikiwa imezimwa utakuonyesha ni ngapi. Kinachobaki ndicho AC ilichokula. Fanya hivyo wiki nzima, kisha kila mwezi usiku mmoja. Namba ikianza kupanda, osha chujio la sehemu ya ndani, na kwa Usangu lioshe kila wiki mbili kwa sababu ya vumbi. Ikiendelea kupanda baada ya kuosha, gesi inavuja au koili ya nje imechafuka, na hapo ndipo unapomwita fundi.

Mzee wa Kyela hakununua yoyote kati ya zile mbili. Tuliipata ya inveta duka la tatu, lebo ya India, namba na mwaka vikiwa wazi. Alinunua na daftari la shule. Wiki ya pili akanipigia kunisomea: 3.1, 3.3, 3.0, 3.2, halafu usiku mmoja 4.9. "Usiku huo wajukuu walikuwepo," akasema, "mlango haukufungwa mpaka saa sita."